Pesa ya sinema nimekatia tiketi ya boti

Wenzangu leo wamekwenda sinema. Mimi nikapanda boti, Dar hadi Unguja, kama saa mbili hivi baharini.

Sasa hivi ndio natoka Ngome Kongwe. Taarab asilia, ile ambayo kikundi cha Ikhwani Safaa kinaipiga tangu 1905! Nilikaa mbele kabisa, karibu na mpiga ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi.

Jamani, zile nyuzi! Kabla ya kila wimbo mzee alizikaza taratibu, sikio kaliinamisha, watu wote kimya.

Bibi wa pembeni yangu akainuka, akaenda kumtunza mwimbaji, machozi yanamtoka. Aliporudi akanishika mkono. Hatujuani kabisa.

Filamu nazo nzuri, lakini hiki sijawahi kukipata gizani mbele ya skrini.

Vidole bado vinanukia asumini ya yule bibi.

Nyie mngechagua wapi?