Kati ya swali na jibu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii zamu ni yangu na mnisamehe nimechelewa, jana nimefunga kibanda usiku na nilipofika nyumbani hata Biblia yenyewe niliiona nzito. Tusome Nehemia sura ya 1 yote alafu sura ya 2 mpaka mstari wa 8. Sio ndefu, hata kwenye daladala unamaliza kabla hujashuka.

Kuna mstari umenikaa kichwani tangu mwezi uliopita, ni ule wa 4 kwenye sura ya 2. Mfalme Artashasta anamuuliza Nehemia, "Una haja gani unayotaka kuniomba?" Na Nehemia anaandika, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni." Alafu mstari wa 5 unaanza, "Nikamwambia mfalme". Sasa jamani hayo maombi aliyaomba saa ngapi? Yupo pale Shushani, mnyweshaji wa mfalme, divai ndo kwanza ameitoa mkononi, malkia ameketi pembeni, na mistari miwili nyuma ametuambia aliogopa sana maana mfalme ameshagundua uso wake hauko sawa. Hawezi kusema mtukufu mfalme ngoja nikapige magoti kidogo nakuja. Macho hakufumba, mikono hakuinua, nadhani hata mdomo haukucheza. Na huyu ni mtu ambaye sura ya 1 ametuandikia maombi yake marefu kabisa, ila hapa hatuambii hata neno moja alilosema. Pengine ilikuwa "Mungu wangu!" tu basi, kama tunavyosema sisi dereva akikata kona vibaya.

Maombi yameingia kwenye kale kanafasi kati ya kuulizwa na kujibu. Nimekuwa nakaangalia sana hako kanafasi, na sababu yenyewe naona aibu kuisema ila nitasema.

Mnajua nauza mchele. Na mnaonunua mnajua swali la kwanza la mteja ni lile lile, anachota kidogo, ananusa, anatafuna punje mbili, alafu anauliza "huu ni Kyela?" Sisi wauzaji tunajua na nyie nadhani mnajua, mchele wote unaoitwa Kyela mjini ungekuwa unatoka Kyela kweli basi ile wilaya ingekuwa imejaa mpunga mpaka ndani ya Ziwa Nyasa. Unachakachuliwa. Unachukua kidogo wenye harufu unachanganya na mwingine mwingi, unauza kwa bei ya ule wenye harufu. Mimi sichanganyi kwa mkono wangu lakini aliyeniuzia gunia alinitajia bei ambayo mtu mwenye akili anaelewa kabisa, na mimi akili ninazo.

Basi asubuhi moja kaja mama mtu mzima, nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, akasema kesho ana wageni wanaleta posa ya binti yake anataka kilo tano za kuwapikia asiaibike. Akauliza. "Mwanangu, huu ni Kyela kweli?" Nami nikajibu hapo hapo, hata pumzi sikuvuta, "Kyela halisi mama yangu, harufu yake utakuja kuniambia". Nikapima, mizani iko sawa kabisa hapo sina shida, nikamfungia, akanilipa, akasema "asante mwanangu, Mungu akubariki". Na mimi nikaitikia Amina.

Ile Amina ndo iliyonipiga.

Maana siku hiyo niliamka kuomba saa kumi na moja alfajiri. Sio kwamba nililala, niliomba vizuri tu, machozi yalitoka, nikaimba na tenzi moja taratibu nisiamshe watoto. Na ilipofika saa tatu na kidogo asubuhi nimeshamdanganya mama wa watu. Kama ningekuwa sijaomba ningejua la kusema, ningesema aah leo sikuomba shetani akapata nafasi, tumezoea kusema hivo. Lakini niliomba! Nikakaa nikajiuliza niliomba nini hasa alfajiri ile, na nilivyokumbuka nikachoka. Niliomba wateja. Nusu saa nzima, Bwana niletee wateja, Bwana rejesho la kikundi ni Alhamisi, Bwana fungua milango. Akanisikia, akaniletea mteja, nikamchakachulia.

Hapo ndipo nikarudi kumsoma Nehemia kwa jicho lingine. Habari za Yerusalemu, kwamba ukuta wake umebomoka, alizipata mwezi wa Kisleu, na siku anayoulizwa na mfalme ni mwezi wa Nisani, yaani katikati hapo ni kama miezi minne. Miezi minne mtu analia, anafunga, anaomba mchana na usiku, na huku kazini anaenda kama kawaida kumimina divai. Na ukiangalia anachoomba mle sura ya 1, sehemu kubwa ni kutubu, na hasemi "wao walikosa" wakati yeye wala hakuwepo Yerusalemu, anajiweka ndani, mimi na nyumba ya baba yangu tumekosa. Haja yake mwenyewe ni kasentensi kamoja mwishoni, apate rehema mbele ya "mtu huyu". Mtu huyu! Mfalme wa dola nzima ya Uajemi, lakini akiwa magotini Nehemia anamwita mtu huyu tu, alafu ndo anatuambia kama kwa bahati, nami nalikuwa mnyweshaji wa mfalme. Mtu aliyeshamweka bosi wake kwenye saizi yake mbele za Mungu kwa miezi minne, akija kuulizwa swali la ghafla anajua pa kugeukia hata kwa sekunde mbili. Na ukuta wenyewe baadae ulijengwa siku 52. Maombi yalichukua muda mrefu kuliko ujenzi, sijui kama mmewahi kuliona hilo, mimi nimesoma kitabu hiki miaka na sikuliona.

Kwahiyo sijaacha alfajiri, ila nimebadilisha ninachokiomba. Nimepunguza habari za wateja. Naomba Zaburi 141 mstari wa 3, "Ee Bwana, uweke mlinzi kinywani pangu, mngojezi mlangoni pa midomo yangu." Nalipenda hilo neno mngojezi, naona kama mlinzi wa usiku pale sokoni, mzee wetu na rungu lake, kila anayetoka anamuuliza umebeba nini.

Na nimegundua kitu, maswali tunayodanganya kwa haraka ni yale madogo. Mtu akikuuliza "umefika wapi?" unajibu "nakaribia, nipo njiani hapa" kumbe ndo kwanza unatafuta kandambili uende kuoga. Fundi cherehani, nguo itakuwa tayari lini? Ijumaa. Na yeye anajua kitambaa hata hajakikata. Tena wengi wetu humu ni watu wa maombi, mikesha hatukosi. Hakuna anayepanga kudanganya, jibu linatoka lenyewe kwa mazoea, na ile nafasi ya kusema "Yesu nisaidie" ipo kabisa, ni ndogo lakini ipo, Nehemia ameingia humo humo.

Wiki mbili baada ya yule mama akaja kaka mmoja amevaa kiofisi, akanusa, akauliza. Huu ni Kyela? Safari hii nikavuta pumzi. Nikasema moyoni Yesu. Nikamjibu kaka huu ni mchanganyiko, Kyela kidogo, mwingine sijui vizuri wa wapi, ila unapikika na hauna mawe, na bei nimeshusha mia nne kwa kilo. Akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Akasema asante, akavuka kwa jirani yangu ambaye mzigo tunachukua sehemu moja, gari moja, akaambiwa Kyela halisi dada, nikiwa nasikia, akanunua kilo kumi.

Najua mnasubiri niseme alirudi. Kwenye shuhuda zetu huwa wanarudi, tena anakuja na oda ya harusi magunia matano. Hakurudi. Jirani alicheka akaniambia utakufa njaa na huo ulokole wako, na wiki ile rejesho nilikopa kwa dada yangu. Nasema ilivyokuwa. Mungu amenisaidia kwa mengine mengi ila kwa lile la yule kaka sina ushuhuda.

Na kuna ile hela ya yule mama. Mia nne mara kilo tano ni elfu mbili. Simjui jina, sijui anakaa wapi, na sijamuona tena. Zakayo yule mtoza ushuru alisema atarudisha mara nne lakini Zakayo nadhani orodha alikuwa nayo. Mmoja wetu nilimweleza akaniambia itoe sadaka yaishe, ila kila nikifika kwenye kapu mkono unakataa, maana sio yangu kuitoa, nitakuwa namtolea Mungu hela ya mama wa watu. Ipo ndani ya Biblia hapo hapo Nehemia 2, imekunjwa. Mwenye mawazo anishauri.

Mkipata muda mmalizie na sura ya 5, sitaieleza yote. Watu wameweka rehani mashamba na nyumba wapate ngano kwa sababu ya njaa, watoto wao wanaingia utumwani, na anayewabana ni ndugu yao wa damu, yaani mikopo kausha damu kabisa na wote wanasali hekalu moja. Nehemia alikasirika sana, lakini kabla hajafungua mdomo alikaa kwanza na nafsi yake. Kanafasi kale kale. Na alipoongea alikiri kwamba hata yeye na ndugu zake na watumishi wake walikuwa wanakopesha watu fedha na nafaka. Mimi kama muuza nafaka hapo nilifunga kitabu kwanza nikaenda kunywa maji.

Jumatatu umeshuka mzigo mpya. Magunia yameandikwa kwa wino mwekundu mkubwa KYELA SUPER, na bei niliyochukulia ni ile ile ya mwenye akili anaelewa. Kijana anayenisaidia alikuwa ameshayapanga maandishi yakitazama barabarani, na alipanga vizuri kweli, mtu anayasoma akiwa kwenye boda. Akaniuliza, "Mama, wakiuliza niseme wa wapi?"

Nikakaa kimya.

Akadhani sijasikia, akauliza tena. Nikamwambia geuza magunia kwanza.