Mfereji nyuma ya mfupa

Leo chuoni tumegawiwa mifupa. Mimi nimepata wa mkono, ule wa kutoka begani hadi kwenye kiwiko. Kabla ya kuupokea nilisema bismillahi kimoyomoyo, maana huyu alikuwa mtu. Mkono huu ulibeba ndoo, labda na watoto.

Mwalimu akatuambia tufumbe macho, tupapase. Kwenye michoro mfupa ni laini kama bomba. Mkononi sivyo kabisa. Upande wa nje, karibu na katikati, pana kovu la kukwaruza: hapo ndipo msuli wa bega unaoinua mkono ulipojishikiza, na msuli ukivuta miaka na miaka, mfupa hujijenga palepale unapovutwa. Chini kidogo pana kitundu chembamba, mlango wa mshipa wa damu unaolisha uboho.

Nyuma ndiko nilikokwama. Kidole gumba kiliteleza kwenye mfereji wa kina kifupi unaoshuka mshazari kuelekea nje. Mwalimu akasema humo hupita neva ya radiali, mshipa wa fahamu wa mkono, imeugusa mfupa. Mfupa ukivunjika hapo neva inaweza kuumia, na kiganja kikalegea kisiinuke.

Nikafumbua macho. Nilikuwa darasa la sita baba alipoanguka kutoka kwenye kenchi akipaua nyumba ya watu. Mfupa ulifungwa plasta, lakini kiganja kilining'inia kama jani la mgomba lililobabuliwa na moto. Mtaani wakasema karogwa, wengine wakasema kiharusi. Hakuna aliyetueleza kitu. Nilimwona fundi seremala akishindwa kuinua kikombe cha chai, akigeukia ukutani ili tusimtazame.

Miezi ilipita, vidole vikaanza kuinuka kimoja kimoja. Leo nimejua kwa nini ilichukua muda ule wote: neva iliyokatika kwa ndani huota upya kama milimita 1 tu kwa siku, na kutoka katikati ya mkono hadi kwenye misuli ya kuinua kiganja na vidole ni safari ndefu.

Jioni nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mmeshinda salama?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza, halafu akasema, "Kumbe ni mfereji." Nikamsikia anaupapasa mkono. "Mbona siuoni?"

"Umefunikwa na nyama, baba. Shika nyuma ya sikio, mfupa wa pale unashikika."

"Hiki kinundu?"

"Hicho. Msuli wa shingo unashikilia hapo. Mtoto hazaliwi nacho, huota kadiri anavyokaza shingo na kugeuza kichwa."

Mtoto wa dada ana miezi minne. Nikasikia baba anaita aletewe, kisha kimya kirefu.

"Kweli mama, hana," akasema. "Nitakuwa namshika kila Ijumaa nione."