Kiinitete cha inzi wa matunda kinavyorefuka: nilivyokifuatilia Bukavu

Yai la inzi wa matunda (Drosophila melanogaster) lina urefu wa nusu milimita na halitanuki. Ndani yake, ukanda wa seli utakaokuwa mwili hurefuka zaidi ya mara mbili, ukapinda ncha ya nyuma na kupanda mgongoni. Nimelifuatilia jambo hili kwa hadubini ya kawaida, lenzi ya 10x.

Kilichonitatiza zaidi ni baridi. Kwa nyuzi 25 kurefuka huanza kama saa 3 baada ya yai kutagwa, na dakika 30 hadi 40 za mwanzo ndizo za kasi. Kwa nyuzi 18 muda huwa karibu maradufu, na chumba changu kilikuwa nyuzi 20. Niliweka mayai katika sanduku la frigoliti (povu jepesi la plastiki) pamoja na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, na kipimajoto kando yake.

Inzi niliwanasa kwa ndizi mbivu, karibu na mahali wanapokamua kasiksi (pombe ya ndizi). Sahani ya kutagia: agari (unga wa mwani unaogandisha) gramu 3 kwa maji mililita 75, chemsha, kisha ndipo utie mililita 25 za juisi ya marakuja. Ukichemsha vyote pamoja asidi huivunja agari, haigandi vizuri. Paka levire (hamira) kidogo juu. Mayai ya saa ya kwanza yatupe, kwa sababu jike huyashikilia tumboni na umri wa mayai huchanganyika. Baada ya hapo kusanya ya dakika 30 tu.

Gamba la nje huondolewa kwa javeli (dawa ya klorini ya kung'arisha nguo) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji. Usiangalie saa, angalia zile nyuzi mbili nyembamba zinazochomoza kwenye gamba, upande wa kichwa: zikiyeyuka, hesabu sekunde 30, kisha suuza sana juu ya kitambaa cha neti. Javeli iliyokaa juani hupoteza nguvu, ndiyo maana dakika 2 za vitabuni hazitoshi kila mara.

Sasa laza kiinitete ubavu, kwa unywele mmoja wa brashi. Tumbo limebinuka, mgongo umenyooka zaidi. Tumbo likikuelekea, ncha ya ukanda hupandia upande usiouona na kazi yote imepotea. Funika kwa mafuta ya parafini, tabaka jembamba sana, bila kioo cha juu.

Alama ya kufuata ni kundi la seli za duara kwenye ncha ya nyuma, zile zitakazozaa mayai au mbegu. Piga picha kila dakika, pima zimesogea asilimia ngapi ya urefu wa yai.

Huku si kukua. Bertet, Sulak na Lecuit walionyesha mwaka 2004 kwamba myosini (protini inayovuta, kama ile ya misuli) hukaza kuta zilizo kati ya seli ya mbele na ya nyuma. Hizo mbili huachana, na majirani wa juu na wa chini hukutana katikati yao. Ukanda hupungua upana, hupata urefu. Sehemu ya nyuma ya utumbo wa kati, inayojikunja kuingia ndani, nayo huuvuta.

Seli za duara zikikwama njiani, punguza mafuta (oksijeni haipiti) au zima taa kati ya picha, maana huchemsha kioo. Zikifika nyuma ya kichwa, ukanda hutulia hadi saa ya 7 hivi kwa nyuzi 25, halafu huanza kurudi.