Mhadhara usimalize bando la mwanafunzi
Video ya mhadhara wa saa moja, kwa megabiti 1.5 kwa sekunde, hufika MB 675. Mwenye bando la kupimapima haifungui. Rekodi sauti tu: MP3, mono (mkondo mmoja wa sauti), kilobiti 32 kwa sekunde, na saa nzima ni MB 14 na ushee. Slaidi zitoe kwa PDF zikiwa na namba, na uzitaje unapozungumza, la sivyo msikilizaji anapotea.

Kinachoharibu zaidi ni maikrofoni. Ile ya kompyuta mezani huokota mwangwi na feni (kuzima feni Dar es Salaam mwezi wa pili, sahau). Tumia ndogo ya kubana kwenye kola, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kata faili vipande vya dakika 15. Mtandao ukikatika, kinapakuliwa upya kipande kimoja tu.