Kiswahili changu ndo kilinivusha Ankara

Nilifika Ankara mwezi wa tisa kwa skolashipu ya serikali ya Uturuki, Türkiye Bursları, mtoto wa Tanga, Kituruki sijui hata neno moja, nikiamini Kiingereza cha form six kitanitosha. Hakikutosha. Siku ya pili tu niko dukani natafuta sabuni, nimeongea Kiingereza mpaka basi, mzee ananitazama kwa huruma, mwisho nikafanya kama nanawa mikono huku nikisema "sabuni" kwa Kiswahili changu, mzee akaruka, "haa, sabun!" akanitolea mche. Nilirudi hosteli nawaza, kumbe.

Mwaka wa kwanza unasoma lugha tu, kuanzia ngazi ya A1 ya wanaoanza mpaka C1 ya juu, usipopata cheti huanzi digrii. Basi nikafungua ukurasa wa mwisho wa daftari (nalo wanaita defter!) nikawa naandika kila neno ambalo nnalijua tayari kutoka nyumbani. Kitap, kalem, dakika, dünya, hesap, cevap (jawabu), asker, na ayıp ambayo ni aibu ile ile na wanaitumia vile vile mama anavyoitumia. Wao na sisi tulichota kwa Waarabu. "Ne haber" ukiivunja neno kwa neno ni habari gani, kabisa.

Hata sarufi. Wenzangu walikuwa wanalia na maneno marefu, mimi nikiona gelmeyeceğim naona sitakuja, sema sisi tunatanguliza si- na -ta- halafu kuja, wao wanaanza na kuja, gel, ndo wanabandika kukataa, wakati ujao, na mimi nakuwa mkiani. Toka siku hiyo niliacha kutafsiri kupitia Kiingereza.

Lakini kuna sehemu iliniumiza. Nilipewa miadi ya kibali cha ukaazi "saat dokuz", dokuz ni tisa, nikaandika saa tisa, na nikaenda saa tisa alasiri kwa utulivu kabisa. Dokuz yao ni saa tatu asubuhi yetu. Neno ni saa lakini hesabu siyo, nikasubiri wiki kadhaa kupata nafasi nyingine na nilikosa usingizi kweli kweli. Kama unatoka kwetu andika miadi kwa tarakimu, 09:00, usiandike kwa maneno.

Na merhaba je. Kwetu marahaba anaitikia mkubwa akishaamkiwa, sasa hapa mtoto wa miaka sita ananipita ngazini ananiambia merhaba, mimi moyoni naona kama kapokea shikamoo ambayo sijampa. Kwa wazee ndo ilikuwa ngumu zaidi, mdomo unataka kusema shikamoo na hamna pa kuiweka. Nilipumua nilipojua wana amca, teyze, abi na abla, kwamba mtu usiyemjua unamwita baba mdogo, mama mdogo, kaka, dada kama nyumbani. Kwenye dolmuş, yaani daladala zao, hamna konda, unampa wa mbele yako nauli anaipitisha mkono kwa mkono mpaka kwa dereva na chenji inarudi hivo hivo, ukitaka kushuka unaita "inecek var!" Mara ya kwanza chenji yangu ilipita kwa watu watano ikafika kamili.

Baridi sitaiongelea sana, mji uko juu karibu mita 900 na hewa ni kavu, mafuta ya nazi aliyonifungia mama yaliganda meupe kwenye chupa tangu mwezi wa kumi na midomo ikapasuka.

Kilichonifungulia watu ni "kolay gelsin". Ni pole na kazi, unamwambia yeyote anayefanya kazi, na Kiingereza hakinaga hiyo. Kuna teyze anafanya usafi hosteli kwetu, nilimwambia asubuhi moja, akaweka dekio chini akanishika bega akauliza natokea wapi. Nilipougua mafua akaniambia "geçmiş olsun", pole ya mgonjwa hiyo, na kesho yake akaja na supu ya dengu ya moto kwenye chupa ya chai. Nlilia, sifichi.

Ramadhani akanialika kufuturu kwao. Tumekaa, jirani akachungulia akauliza huyu nani, teyze akajibu "misafir". Nikaitikia kwa furaha, ndiyo, mimi msafiri, nimetoka mbali, Tanga, baharini. Binti yake akatabasamu, akanieleza taratibu kwamba misafir kwao ni mgeni wa nyumbani, anayepakuliwa wa kwanza. Teyze alikuwa ameshanijazia sahani. Usiku ule niliandika misafir kwenye ukurasa wangu wa mwisho, halafu nikampigia mama nikamweleza lote, akaniambia nimfikishie huyo dada yake salamu. Selam, nazo zimo ukurasani.