Gorogoro ya Kumi

Karani wa basi pale Mombasa alinitoza shilingi 2,500 hadi Kisumu, na nilipouliza mbona nauli imepanda akanijibu kwamba ni Agosti, shule zimefungwa, kila mtu anakwenda bara. Kwa pesa hiyo nikapewa kiti kisicholala na dirisha lisilofunga. Nakuru tulishuka alfajiri kwenye baridi ya kukata masikio, tukauziwa kikombe kidogo cha chai kwa bei ya chakula. Kisumu tuliingia saa tatu asubuhi. Nikapanda matatu ya kupitia Kiboswa na Majengo hadi Chavakali, kisha bodaboda akaniona mgeni, akataka mara mbili. Nikalipa. Miguu ilikuwa imevimba, sikuwa na nguvu za kubishana tena.

Nilikuwa nakwenda kwa kina rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, upande wa Kaimosi, kaunti ya Vihiga. Shamba lao halitimii ekari moja. Mahindi yaliyopandwa Machi yalikuwa yamevunwa na kupukuchuliwa, kazi iliyobaki ni kuyakausha tu, nami nikadhani hiyo ndiyo nyepesi. Kwetu Pwani ukianika kitu, umeanika. Huku jua la asubuhi linawaka vizuri kabisa, halafu mchana mawingu yanashuka kutoka upande wa Nandi, karibu kila siku. Basi nyumba nzima inaishi jicho moja liko juu: anika, geuza, kunja, ingiza ndani, kesho anza upya. Siku nne zilipita hivyo, na mboga ya mrenda ambayo mwanzoni ilinishinda nikaanza kuiomba mwenyewe.

Jumapili wakaenda ibadani. Wao ni watu wa Kanisa la Friends, yaani Quaker, kama wengi wa eneo lile tangu wamisionari watatu Wamarekani walipofika Kaimosi mwaka 1902. Mimi Mwislamu nikasema nitabaki na mahindi. Mama (ndivyo nilivyomwita mamake rafiki yangu, naye aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza) alinionyesha kilima kwa kidole. "Ukiona kiwingu pale, mwanangu, usingoje kikomae. Kunja."

Kiwingu nilikiona. Kilikuwa kidogo, na Adhuhuri ilikuwa imeingia, nikajiambia nitaswali kwanza, ni dakika chache. Nilikuwa rakaa ya tatu tone la kwanza lilipogonga bati. Najua kisheria unaruhusiwa kukatiza swala kuokoa mali isiangamie, nilifundishwa nikiwa mtoto. Lakini pale kwenye mkeka mwili ulikataa. Nikamaliza rakaa ya nne na moyo wangu wote uko nje.

Nilipotoka turubai lilikuwa tayari limekuwa bwawa. Nilishika pembe mbili nikavuta, likagoma kwa uzito. Nikavuta tena kwa nguvu zangu zote, pembe moja ikachanika, na mahindi yakamwagika matopeni kwa sauti ambayo hadi leo naisikia. Nikaanza kuchota kwa mikono, kwa sufuria, kwa leso yangu. Nilikuwa nalia, sioni haya kusema. Ile ilikuwa kazi ya watu watano tangu mwezi wa tatu, kulima, kupanda, kupalilia mara mbili, mbolea ya mkopo, na nimepewa mimi saa tatu tu za kulinda.

Wakaja mbio, wamelowa chapachapa, Mama mbele na viatu mkononi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naswali, mama."

Alinitazama. Hakusema haidhuru, wala hakusema nisijali, na mpaka sasa namshukuru kwa kutonidanganya. Alipiga magoti kwenye tope na gauni lake la kanisani, akaanza kuokota. Tukaokota sote mpaka giza.

Usiku ule hatukulala. Walitandaza mabati juu ya mafiga, moto mdogo chini, tukawa tunageuza punje kama tunakaanga njugu. Siku zilizofuata ikawa kuchambua. Punje yenye ukungu hawaichezei pale. Mwaka 2004 watu 125 walikufa Ukambani kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na Mama aliyoyasikia redioni wakati ule hajayasahau. Zilizobadilika rangi hakuwapa hata kuku. Beseni zima lilikwenda shimoni, na mimi ndiye niliyelibeba.

Kujua kama yamekauka, Mama alitia mahindi kidogo kwenye chupa ya soda iliyo kavu, pamoja na chumvi kavu, akaziba kwa kidole gumba, akatikisa. Chumvi ikinata kwenye kioo, maji bado yamo. Jumanne chupa iligeuka nyeupe. Alhamisi ikanata upande mmoja. Jumamosi chumvi yote ilianguka chini na kioo kikabaki safi, naye akainua chupa kwenye mwanga wa mlango akaitazama kwa muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti.

Kisha akapima kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka. Gorogoro tisa guniani, ya kumi kwenye beseni la buluu. Tisa, moja. Tisa, moja. Nikashindwa kunyamaza.

"Mama, si utoe hasara kwanza? Na deni la mbolea?"

"Mvua ya mwezi wa nne sikuipima," akasema, mkono hausimami. "Leo ndiyo nimpimie Mungu hii iliyonilowesha?"

Nikamkumbuka babu yangu, Kwale. Mahindi yake hayakuwahi kufika wasaki tano, kiwango kinachowajibisha zaka, lakini kila mwaka alitoa fungu la kumi, kwa kuwa shamba lilinyweshwa na mvua. Lingemwagiliwa kwa jasho lake, alituambia, lingekuwa nusu ya hapo. Na alilitoa siku ile ile ya mavuno, maana Suratul An'am inasema haki yake itolewe siku ya kuvunwa kwake. Alipofariki tukauza shamba. Sasa tunanunua unga wa pakiti, na sijui tangu siku hiyo ni lini mtu wa nyumba yetu ametoa sehemu ya kumi ya chochote. Nilimwambia Mama habari za babu. Akauliza, "Na nyinyi mnapeleka wapi?"

"Kwa mwenye haja, mkononi mwake."

Akachota gorogoro mbili kutoka kwenye beseni la buluu, akazitia kwenye mfuko. "Hizi peleka wewe. Yuko bibi mmoja pale chini, karibu na kijito. Zilizobaki ni za kesho kanisani."

Nikashuka na mfuko. Bibi alikuwa ameketi mlangoni. "Mirembe," nikamwamkia, neno pekee nililokuwa nimejifunza. Alipokea kwa mikono miwili, akaingiza vidole ndani, akatoa punje moja akaitia mdomoni, akaing'ata. Ikalia ka!

"Yamekauka," akasema.