Kuacha nipa kulianza kwa maswali

Huku kwetu Newala, mkoani Mtwara, mtu akisema anataka kuacha pombe, ndugu humpa njia mbili: aende kwa mganga, au afungiwe chumbani mpaka imtoke. Hiyo ya kufungiwa inanitisha, na ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mtu aliyezoea kuzimua kila asubuhi, yaani kunywa tena ili kuondoa uchovu wa pombe ya jana, mwili wake haujui tena kukaa bila pombe. Ukimkatia ghafla, saa 6 hadi 24 baadaye huanza kutetemeka na kutoka jasho. Ndani ya saa 48 anaweza kuanguka kifafa hata kama hajawahi kuugua kifafa. Kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, wakaona watu na wadudu wasiokuwepo, mwili ukachemka na moyo ukaenda mbio. Hali hiyo inaua, na mlango ukiwa umefungwa kwa nje hakuna atakayejua mapema.

Mimi nilikuwa mnywaji wa nipa, ile pombe kali inayopikwa kwa mabibo (matunda ya mkorosho) yaliyochachuka, na nilikuwa nazimua kabla jua halijatoka.

Aliyenipeleka ni mjomba. Kwetu Wamakonde mjomba akiamua jambo, mpwa anafuata. Tulianzia zahanati ya jirani, na nesi wa pale akasema jambo lililotushangaza sote wawili: nisiache kabisa siku ya safari. "Punguza, lakini usikate. Ukianguka kifafa ndani ya basi, konda atakufanyia nini?" Mjomba ni mtu wa swala tano. Hajawahi kuniruhusu ninywe mbele yake. Asubuhi ile aligeuka upande akasema, "Kunywa mpwa wangu, kidogo tu, tufike." Tukapanda basi la Mtwara kupitia Tandahimba.

Nilifika Ligula, hospitali ya mkoa pale Mtwara, nikiwa nimejiandaa kusemwa. Hakuna aliyenisema. Niliulizwa maswali, na sasa naamini kwamba sehemu ile ya kukaa na kujibu ndiyo iliyobeba tiba nzima. Nakunywa siku ngapi kwa wiki? Siku moja nakunywa kiasi gani? Nikiamka nahitaji kunywa kwanza ndipo nifanye kazi? Kuna asubuhi sikumbuki ya jana? Kuna ndugu au daktari aliyewahi kuniambia nipunguze? Maswali ya namna hii yapo 10, yametungwa na Shirika la Afya Duniani na hutumika nchi nyingi. Kila jibu lina alama, jumla yake 40, na anayefika 20 hupaswa kuchunguzwa zaidi kama tayari ni mraibu.

Kwenye swali la kiasi nilinyamaza. Mjomba alikuwa amekaa pembeni yangu, nami sikuweza kulitamka mbele yake. Nesi aliyekuwa akiniuliza akaelewa. "Mjomba, naomba utusubiri nje kidogo." Mlango ulipofungwa akaniambia, "Nipa haina kipimo cha dukani, najua. Niambie kwa chupa, niambie kwa hela, vyovyote. Ila usinipunguzie." Nikamwambia. Aliuliza pia kama navuta bangi, kama nameza vidonge vya usingizi, kama nimewahi kuanguka kifafa nikiwa sijanywa, na kama nimewahi kufikiria kujiua. Hilo la mwisho linaumiza, lakini usilikwepe. Dozi wanayokupa inategemea majibu yako. Ukitaja nusu ya unachokunywa, utapewa dawa isiyokutosha na utaanguka ukiwa wodini. Ukificha vidonge vingine unavyomeza, dawa zikikutana zinaweza kukubana pumzi.

Damu ilipimwa: sukari, malaria, ini, na VVU baada ya kuombwa ridhaa. Malaria hupimwa kwa sababu homa na mtetemo vinaweza kutoka huko, si lazima viwe vya pombe.

Kisha nililazwa na kuchomwa sindano ya vitamini B1. Mnywaji wa siku nyingi hula kidogo, na vitamini hiyo humwishia mwilini. Akitundikiwa dripu ya sukari kabla ya kuipata, ubongo unaweza kudhurika. Dawa kubwa ni dayazepamu. Hutuliza mtetemo na kuzuia kifafa, na madaktari huipunguza taratibu, kwa kawaida ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, kisha inakoma. Usiombe uende nayo nyumbani, maana nayo ina uraibu wake.

Usiku mmoja mgumu wodini niliona siafu wakipanda kwenye chandarua. Mama watoto alikuwa kando ya kitanda changu, akaenda mbio kumwita nesi bila kubishana nami. Namshukuru hadi leo. Kama unamuuguza mtu, fanya hivyo hivyo: akianza kuona visivyokuwepo, ita nesi saa hiyo hiyo, usingoje daktari apite asubuhi.

Baada ya hapo njaa ilirudi kwa nguvu. Usingizi ulichelewa sana, na hasira na machozi vilikuja bila sababu. Afisa ustawi wa jamii alituita sote watatu kabla sijaruhusiwa, akatuambia wazi kwamba mwili umetulia lakini hamu itabaki miezi mingi. Akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Mabibo yanaiva lini kwenu?"

Yanaiva Oktoba, na kuendelea mpaka mwisho wa mwaka. Wakati huo kila njia ya shambani inanuka mabibo, hela ya korosho inaingia baada ya mnada, na wapishi wa nipa wanakujua kwa jina. Tukapanga palepale. Kadi ya benki ikae kwa mama watoto. Mjomba asimamie kuokota korosho. Mimi msimu wote nikae kwa dada yangu Mikindani, nisaidie kwenye boti, na niende kliniki kila tarehe niliyopangiwa. Kijijini walisema nimekimbia shamba. Waache waseme. Daktari alikuwa amenieleza kwamba mtu akirudia pombe kisha akakatiwa tena, mtetemo wa mara inayofuata huwa mkali zaidi, na kifafa kinakuwa karibu zaidi. Kukaa mbali na mabibo ilikuwa dawa kama zile nilizomeza wodini.

Mwaka huu jirani yangu ameniomba nimsindikize. Nimemwambia aandike kwenye karatasi anachokunywa tangu asubuhi mpaka usiku, chote, na asimwonyeshe mtu mpaka tukae na nesi. Nami nitasubiri nje.